Mgeni Hunywa Kwanza

Siku Bwana Kitsao alipozindua maporomoko ya maji katikati ya jangwa la chumvi la Chalbi, watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Maji yalimwagika kutoka juu kabisa ya kuba la kioo, yakaanguka kwa kishindo ndani ya bwawa la samawati, na ubaridi wake ukawafikia hata waliosimama mlangoni. Nje ya kuba, jua lilikuwa likikaanga kila lililoliona. Ndani, wageni walijitanda mashuka ya hoteli kwa baridi. Mgeni mmoja mzee, jina lake Anselmo, alisogeza kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni, akafumba macho ili rasharasha zimpige usoni, akacheka kama mtoto aliyenyeshewa.

Qabale Galgallo naye alipiga makofi, ila mara mbili tu, kisha akakunja mikono. Yeye alikuwa Mwenye Zamu wa jiji la Elmora. Cheo chenyewe kilikuwa kikubwa, chenye ofisi na kiti cha ngozi, na kazi yake ilikuwa moja tu: Mzizi, uliolivutia jiji maji, ukiuliza jambo, ajibu. Mara nyingi Mzizi haukuuliza kitu, na mshahara ukaingia vilevile. Lakini wiki iliyopita ulikuwa umeuliza.

"Nimefika Hurufa," ulisema, kwa sauti ileile ya marehemu baba yake. "Wageni wameongezeka na kiu yao haijaisha. Ninywe?"

Naye, kabla hajapiga hata funda la chai, alijibu kama alivyozoea kujibu. "Fuata sheria."

Tangu siku hiyo Qabale alikuwa akilala vibaya. Hurufa ndiko alikozaliwa. Alijiambia kisima cha Hurufa kina maji mengi, kimewahi kushinda ukame mkali kuliko huu, na mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Makofi yalikuwa bado hayajaisha mlinzi wa lango alipomjia, kofia mkononi.

"Bi. Qabale, kuna mama langoni. Anasema wewe ni mwanawe." Akasita. "Ana ngamia. Na watu wengi nyuma yake. Nadhani ni kijiji kizima."

*

Mzizi haukuwa mti, wala haukuwa mashine kamili. Wahandisi waliupanda jiji lilipoanzishwa, uzi mweupe usiozidi unene wa mrija wa soda, wakauacha ujiotee wenyewe ndani ya mwamba, ukifuata unyevu kama mbwa afuatavyo harufu. Chini ya chumvi ya Chalbi kulikuwa na maji ya mvua zilizonyesha kabla ya mtu wa kwanza kupita hapo. Mzizi uliyafikia, ukayavuta juu, na jangwani kukaota hoteli.

Tatizo lilikuwa moja. Maji ya jangwani hayamtoshi kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo Mzizi ulipaswa kufundishwa nani anywe kwanza. Wahandisi walikuwa watu wa adabu. Hawakutaka kuleta sheria ya ugenini kwenye maji ya wenyewe, wakaenda kuwauliza wazee wa visima. Wazee wakamtoa Galgallo, baba yake Qabale, aseme, naye akasimama mbele ya kipaza sauti, amejifunga kilemba cheupe, akasema kwa fahari: "Kwetu, mgeni hunywa kwanza. Mgeni akishatosheka, mifugo. Mifugo ikishatosheka, sisi."

Watu walitokwa na machozi siku hiyo. Walioendesha miradi mingine walikuja kusoma mfano wa Elmora, jiji linaloendeshwa kwa mila ya wenyeji. Mzizi ukaichukua sheria pamoja na sauti iliyoisema. Na ili uwatambue wageni, kila aliyeshuka kwenye ndege akavishwa bangili.

Hakuna aliyeuliza mgeni hutosheka lini. Kwa Mzizi, kiu ya mgeni ilikuwa chochote alichokitaka chenye maji ndani yake: kuoga mara nne, bwawa la kuogelea chumbani, uwanja wa barafu, ukungu wa kupoza hewa, na sasa maporomoko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ila mgeni wa Elmora alilala siku mbili akaondoka, na kiti chake cha ndege kikarudi na mgeni mwingine mwenye kiu mpya. Siku ya tatu haikufika kamwe.

*

Juu ya lango kulikuwa na maneno ya taa, yanayowaka hata mchana: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Chini yake, kwenye kivuli cha ngamia jike mzee, aliketi Tumme, mama yake Qabale, miguu imejaa vumbi la chumvi mpaka magotini. Nyuma yake watu wa Hurufa walikuwa wamekaa kimya. Huo ukimya ndio uliomtisha Qabale. Watu wa kwao hawajui kukaa kimya wakiwa wengi.

Alichukua chupa ya maji kwenye friji ya walinzi, akapiga goti, akampa mama yake kwa mikono miwili. Tumme aliipokea, akaigeuza kuitazama, kisha akampa mtoto wa jirani aliyekuwa amelala mgongoni mwa mamake.

"Kisima kimekauka, mwanangu," alisema. "Tuliteremsha ndoo ikaleta mchanga. Tukateremsha tena, ikaleta kitu cheupe kama uzi. Nikakikata kwa kisu. Kikasema nami kwa sauti ya baba yako."

Qabale aliinua uso. "Kilisema nini?"

"Kilisema, 'Ngoja zamu yako.'" Tumme akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miaka yote niliyokaa na baba yako, hakuwahi kuniambia ningoje nikiwa na kiu. Hapo nikajua si yeye."

Qabale alitaka kumwambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyejibu fuata sheria. Lakini aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani ardhi ipasuke.

Ndipo Bwana Kitsao alipofika, jasho likimtoka ndani ya koti lake la uzinduzi. Kitsao hakuwa mtu mbaya, na heri angekuwa, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumkatalia. Alikuwa mzaliwa wa pwani, amekulia kwenye hoteli ambazo bahari ilikuja kuzimeza moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, mama," alisema, akainama.

"Marahaba, baba."

Kitsao alitoa mfukoni bangili kadhaa, nyembamba, za rangi ya maziwa. Akamgeukia Qabale. "Nimesikia. Pole sana, dadangu. Nimekuletea hizi, za mama na za jamaa zako wa karibu. Akishavaa, Mzizi unamhesabu mgeni. Maji yatamfuata aliko."

"Na hawa wengine?"

"Nikiwavika wote, Mzizi utatafuta maji ya kuwatosha, na utayapata kwenye kisima cha nani? Wa Hurufa wakipona, wa kisima kingine watakuja hapa wiki ijayo na ngamia wao. Huo mzunguko hauna mwisho."

"Basi punguza wageni."

"Nikipunguza wageni, nifukuze nani? Wapishi? Madereva? Vijana wenu wanaofua mashuka? Kame mwanao yuko chuoni kwa pesa ya maporomoko haya haya." Sauti yake ilishuka. "Mimi nimeona mji ukifa, Qabale. Bahari ilipomaliza hoteli zetu, watu waliokuwa wakinisalimia kwa heshima nikawakuta wakiomba barabarani. Usinitake nione mara ya pili."

Aliyasema kwa uchungu, na yote yalikuwa kweli.

Tumme aliichukua bangili moja, akaipima mkononi. "Hii inasema mimi ni nani?"

"Mgeni, mama," Kitsao alijibu.

"Kile kisima kilicho katikati ya nyumba yenu ya kioo alikichimba baba mkwe wangu. Amezikwa upande wa mashariki wake, kama hamjamjengea bwawa juu yake." Alimrudishia bangili taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani aliyoazima. "Leo mimi niwe mgeni? Asante, baba. Mpe mwenye shida nayo."

Ngamia mzee alikohoa. Tumme alitazama kupitia vioo, wageni wakipita na bilauri zao za barafu, kisha akauliza, si kwa hasira, kwa kutaka kujua tu.

"Hao wenu, wakishakunywa, wanavuta?"

"Wanavuta nini?" Kitsao aliuliza.

"Ndoo."

*

Qabale aliondoka langoni akitembea kasi, Kitsao nyuma yake, na njiani kote neno hilo moja liligonga kichwani.

Alikumbuka kisima cha Hurufa alipokuwa mdogo. Wanaume wamesimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo za ngozi huku wakiimba. Akifika msafiri, wimbo unakatika. Anapewa ndoo ya kwanza, anakunywa mpaka anapumua kwa nguvu, wote wakimtazama kwa furaha. Kisha anavua shati, anashuka shimoni, anashika nafasi yake kwenye ngazi, na kumvutia yule aliye nyuma yake. Hata mfanyabiashara mwenye majivuno alishuka. Hata polisi. Hakuna aliyewahi kumwambia mgeni ashuke, kama vile hakuna anayemwambia mtu apumue.

Kwa hiyo baba yake, mbele ya kipaza sauti, alisema nusu. Hakuficha ile nyingine. Haikumpitia akilini kwamba duniani kuna mtu anayeweza kunywa na kwenda zake. Nao wazee wote waliokuwa wamekaa nyuma yake walitikisa vichwa kukubali, maana kila mmoja aliisikia sheria nzima.

Kisima cha babu kilikuwa bado katikati ya ukumbi wa hoteli. Kilizungushiwa maua ya plastiki, kamba na ndoo ya ngozi zikining'inia kwa ajili ya picha. Hapo ndipo mdomo wa Mzizi ulipokuwa, na hapo tu ndipo sheria ingeweza kuongezwa, kwa sauti ya Mwenye Zamu, hadharani.

"Fikiri kwanza," Kitsao alisema, akimzuia kwa mkono. "Ukisema, huwezi kufuta. Haifutiki mpaka zamu yako iishe na mwingine ashike. Ukungu wa kupoza hewa ni maji. Ukikatika, kuba hili ni tanuri. Kuna wazee humu. Kuna wagonjwa."

Qabale alisimama. Ng'ambo ya bwawa alimwona Anselmo, bado amefumba macho, mikono imewekwa juu ya mapaja kama mtu aliye kanisani. Jana na leo asubuhi mzee yule alimsalimia kwa Kiswahili cha kujifunza, akikosea mara zote mbili, naye akampenda kwa hilo. Alimfikiria Kame na ada yake. Alifikiria pia jambo la aibu zaidi. Kwao, mtu aliyemnyima mgeni maji hutajwa kwa jina hata na vitukuu, na jina hilo halipewi mtoto tena. Jina lake lingekuwa hilo.

Aliogopa. Alitamani mtu mwingine awe Mwenye Zamu, hata kwa saa moja. Kisha kupitia kioo akaona mama yake amenyoosha shuka lake juu ya mtoto wa jirani, kumkinga jua, na yeye mwenyewe kabaki kichwa wazi.

"Fungueni lango," aliwaambia walinzi. "Waingie wote, na ngamia wao."

Waliingia juu ya mazulia, wakitembea kwa tahadhari. Ngamia mzee alinusa maua ya plastiki, akayadharau. Wageni walianza kutoa simu.

Qabale aliinama juu ya mdomo wa kisima.

"Mzizi. Mimi ni Qabale binti Galgallo, Mwenye Zamu. Sheria uliyopewa ni nusu. Nakupa iliyobaki. Mgeni hunywa kwanza. Akishakunywa, humvutia aliye nyuma yake. Asiyevuta hana zamu ya pili."

Ikajibu ile sauti ya baba yake, tulivu kama alipokuwa akihesabu ngamia jioni: "Jambo hilo halikuwa kwenye sheria."

"Lilikuwemo. Hatukulitamka."

"Na asiyeweza kuvuta? Mgonjwa, mzee, mtoto?"

"Mwenye nguvu humvutia."

"Nimeelewa," Mzizi ulisema. "Wageni wote wamekunywa. Hakuna aliyevuta. Nafunga mabomba yao. Maji yatapatikana hapa, kwa kamba. Nanyanyuka kutoka Hurufa. Kama kisima kitajaa tena, sijui. Nimekunywa sana."

Maporomoko yalikatika. Hayakupungua kidogo kidogo, yalikatika, na tone la mwisho likasikika likianguka bwawani. Ukungu wa baridi ukatoweka kwenye dari. Watu waliinua nyuso zao, na mahali fulani mtoto akauliza kwa sauti kwa nini yameisha.

"Na wewe, Qabale," sauti iliendelea. "Ulipohamia hapa ulivaa bangili. Nimekuhesabu mgeni miaka yote. Umekunywa kila siku. Umewahi kuvuta?"

Alitazama mkono wake. Aliizoea bangili ile kiasi kwamba alikuwa haioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Watu wa Hurufa walikuwa wakimtazama. Mama yake alikuwa akimtazama.

"Sijawahi," alisema.

Akaivua bangili, akaiweka juu ya ukingo wa kisima, na kushika kamba.

*

Kamba ya maonyesho ilikuwa ngumu, haijawahi kulowa. Ndoo ilizama, ikajaa, na Qabale alipoivuta mikono yake laini ya ofisini ilianza kuchunika. Joto ndani ya kuba lilipanda upesi kuliko alivyodhani. Wageni walianza kupiga kelele kwa wahudumu, na wahudumu, ambao nao walivaa bangili, walisimama wakitazama mikono yao wenyewe.

Ndoo ya kwanza ilifika juu. Ilikuwa haki ya Tumme, aliyesimama nyuma yake. Kabla hajaipokea, Kitsao alikuja mbio, koti limeanguka njiani.

"Mzee Anselmo," alisema, akihema. "Amezimia. Ukungu ulipokatika tu. Qabale, nilikwambia."

Qabale aliiona sura ya yule mzee, amelegea kitini, mdomo wazi. Moyo ulimwuma kiasi kwamba alikaribia kuiachia ndoo. Alimgeukia mama yake, ambaye hakuwa amepata hata tone tangu Hurufa, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka na kutoa damu. Hakuthubutu kumwomba.

Tumme alimtazama mgeni yule. Kisha akaisukuma ndoo kwa Kitsao.

"Mgonjwa kwanza. Mlowesheni kichwa, mumpe kidogo kidogo, msimpe mengi." Kitsao alipoinyakua akamshika mkono. "Baba. Ndoo irudi."

Kitsao alikimbia. Walimwagia mzee kichwani, wakamnywesha kwa kiganja, na baadaye akafumbua macho, akatazama huku na huku akiwatafuta waliomwamsha. Qabale aliketi ukingoni, akalia waziwazi, bila kujificha.

Ndoo ilirudi tupu. Aliirudisha Kitsao mwenyewe, peke yake. Hakumtazama Qabale usoni. Alikunja mikono ya shati, akasimama nyuma yake, akashika mkia wa kamba, na ndoo ikashuka tena. Safari hii ilipopanda Tumme alikunywa, polepole, macho yamefumba. Akawapisha waliofuata.

Hakuna mgeni aliyekuja kushika kamba. Wageni walikuwa wamejipanga kwenye ngazi na kwenye roshani za ghorofa zote, wengine wamevua mashati kwa joto, wengine wanadai ndege iletwe sasa hivi. Wengi walikuwa wameinua simu zao.

Tumme alifuta mdomo kwa ncha ya shuka, akawatazama juu kule.

"Wanafanya nini wale?"

"Wanapiga picha, mama," Qabale alisema, kamba ikimteleza kwenye damu ya viganja.

"Haya," Tumme alisema, akaketi chini kivulini mwa ngamia wake kuwasubiri. "Wakimaliza watakuwa na kiu."